Dereva wa Treni Analala Wapi?

Abiria wa Handeni ndio huwahi kuliko wote. Wilaya yao ni kubwa, ina mahindi, ina machungwa, ina mkonge pale Kabuku, lakini mji wao wenyewe, ule wenyeji wanaouita Chanika, hauna stesheni. Anayetaka treni ya usiku hupanda gari la mchana hadi Korogwe, asije akaachwa, halafu huketi kusubiri. Giza likiingia utawakuta jukwaani wamejiegemeza kwenye mabegi, khanga zimefunika nyuso, mtoto mmoja kwa kila kikundi akiwa macho kwa niaba ya wenzake.

Treni hiyo ni ile ya Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha, iliyokufa tukazoea kufa kwake kwa zaidi ya miaka 20, ikarudi Moshi Desemba 2019 na kufika Arusha Oktoba 2020. Hupita Korogwe usiku. Honi ikisikika upande wa Mnyusi, jukwaa zima huinuka. Macho yote huenda kwenye mabehewa: daraja la tatu liko wapi, mlango upi umefunguliwa, nani ashike mtoto na nani ashike ndoo. Hakuna anayetazama mbele kabisa, kwenye kichwa cha treni, ambako dereva na msaidizi wake wamekaa tangu mchana wakiitazama njia. Mimi nilianza kuwatazama baada ya kujiuliza jambo la kipuuzi: sisi tukishapanda tutalala. Wao je, watalala saa ngapi, na wapi?

Swali hilo hujibiwa kwanza kwa hesabu. Safari ya treni hupimwa kwa kilomita, lakini zamu ya dereva hupimwa kwa saa, na saa zake huanza treni ikiwa bado haijasogea hata hatua moja. Dereva hufika karakana akasaini. Husoma matangazo ya njia: daraja gani lina ukarabati, wapi mvua imechota kokoto, kipande gani apite kwa mwendo wa mtu anayetembea. Hukagua kichwa, mafuta, mchanga wa kumwaga kwenye reli inapoteleza, taa, honi. Kisha hukiunganisha kichwa na mabehewa na kujaribu breki kutoka la kwanza hadi la mwisho. Hayo yote ni kazi, na yote yanakula zamu kabla abiria wa kwanza hajalalamika kwamba treni imechelewa.

Halafu kuna kungoja. Reli yetu ya kaskazini ni ya njia moja, yenye upana wa meta moja, na treni mbili zinazokutana hazipishani popote zipendapo. Moja lazima iingie kwenye njia ya pembeni ya stesheni na kusimama mpaka mwenzake apite. Kama mwenzake ana hitilafu huko mbele, utakaa. Abiria hushuka kununua mahindi ya kuchoma; dereva hukaa. Hasogei, lakini hapumziki pia, maana kichwa kinanguruma na ruhusa ya kuondoka inaweza kuja dakika yoyote. Ukimwambia mtu wa nje kwamba fulani amefanya kazi saa 11 akatembea kilomita 280 tu, atadhani ni mvivu. Mtu wa reli hatashangaa.

Sasa tufanye hesabu yenyewe. Kutoka Tanga hadi Arusha kwa reli ni kama kilomita 438. Tuchukue mwendo wa wastani wa kilomita 30 kwa saa, pamoja na kusimama kote. Hiyo ni safari ya zaidi ya saa 14. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, inaweka saa 9 za kawaida kwa siku na saa 45 kwa wiki, siku zisizozidi 6. Saa za ziada zinaruhusiwa kwa makubaliano, zisizidi 50 katika kila wiki 4, na hata kwa hizo siku moja isivuke saa 12 za kazi. Kwa hiyo dereva mmoja hawezi kihalali kuitoa treni ya mwendo huo Tanga akaifikisha Arusha. Mahali fulani katikati lazima ashuke, mwingine apande.

Upande wa Dar es Salaam hesabu inaangukia kwetu Korogwe. Treni hufuata Reli ya Kati hadi Ruvu, ikakunja kaskazini kwa ile njia ya kiungo ya kilomita zipatazo 188 iliyofunguliwa mwaka 1963, ikatokea Mnyusi, na baada ya hapo Korogwe si mbali. Jumla ni karibu kilomita 280. Kwa mwendo uleule wa 30 kwa saa, unaingia Korogwe saa 9 na dakika kadhaa baada ya kuondoka. Siku ya kazi ya kawaida, kwa kipimo cha sheria, inakatikia karibu kabisa na jukwaa letu.

Nasema hivi kwa sababu watu hudhani miji ya reli ilichaguliwa kwa ramani tu. Mingi ilichaguliwa pia na uchovu. Reli za zamani zilitegemea injini za mvuke zilizohitaji maji na kuni au makaa kila baada ya mwendo fulani, na palepale injini ilipokunywa maji ndipo mtu aliposhuka kunyoosha mgongo. Wajerumani walianza kujenga kutoka Tanga mwaka 1893. Muheza walifika 1896, kampuni iliyokuwa ikijenga ikaishiwa fedha, serikali ikaichukua, na reli haikuingia Korogwe mpaka 1902. Miaka 9 kwa kilomita 84! Mombo ikafuata 1905, Moshi 1912. Kila ilipokomea kwa muda palizaliwa maghala, maduka na nyumba za wafanyakazi, zile ambazo baadaye tuliziita kota za reli.

Handeni nayo iliwahi kupata reli, ila wengi hawaijui na si ajabu, maana haikudumu. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani waling'oa reli nyepesi za mashambani wakatandika njia ya vitoroli kutoka Mombo hadi Handeni. Juni 1916 jeshi la Waingereza la Jenerali Smuts liliwafuata kwa njia hiyohiyo, na Handeni ikatekwa mwezi huo. Injini haikuwapo. Vitoroli vilisukumwa kwa mikono ya watu. Treni pekee iliyowahi kufika Handeni ilienda kwa pumzi za wasukumaji, na sijaona popote palipoandikwa walikuwa wakipumzika baada ya saa ngapi.

Enzi za Waingereza, na hasa baada ya mwaka 1948 reli za Kenya, Uganda na Tanganyika zilipowekwa chini ya shirika moja, kulikuwa na njia mbili za kumlaza dereva. Ya kwanza ni nyumba ya kupumzikia kando ya karakana: vitanda, chandarua, jiko, bafu, na mpishi au mtunzaji. Dereva aliyetoka mbali aliingia akiwa na kisanduku chake cha bati chenye unga, chumvi, sufuria na shuka. Ilipokaribia zamu yake, kijana maalumu alikuja kumwamsha akiwa na daftari, na aliyeamshwa alitia saini kwamba ameamshwa. Utaratibu huo uliletwa kutoka reli za Uingereza na India. Naupenda kwa jambo moja: shirika lilikubali kwamba kuamka ni kazi, na kazi ina kumbukumbu.

Njia ya pili ilikuwa ya safari ndefu zaidi. Nyuma ya kichwa lilifungwa behewa la wafanyakazi lenye vitanda, na vikosi viwili vikapanda pamoja. Kimoja kiliendesha, kingine kililala humohumo treni ikitembea, kisha vikabadilishana. Ndivyo yalivyofanya kazi yale majitu ya mvuke, injini za daraja la 59, yenye uzito wa zaidi ya tani 250 kila moja, yaliyovuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi kuanzia miaka ya 1950. Yalikuwa 34 na kila moja lilipewa jina la mlima. Moja liliitwa Shengena, mlima wetu wa Upare ambao treni ya Arusha hupita chini yake baada ya kuiacha Mombo, na sasa limehifadhiwa Nairobi. Usingizi wa behewa la namna hiyo sitaki kuusifu. Anayejua kitanda cha daraja la pili kinavyoruka kwenye maungio ya reli ataelewa. Lakini mtu alilala akijua kwamba saa zake za kulala zimehesabiwa na mtu mwingine, na kwamba hakuna atakayemgusa kabla hazijaisha.

Tuirudie sheria ya leo, maana hapo ndipo penye utamu na utata. Inataka kila mfanyakazi apate saa 12 mfululizo za mapumziko kati ya kumaliza kazi na kuianza tena. Kwa makubaliano ya maandishi zinaweza kushuka hadi 8, kama siku yenyewe ya kazi ilikatwa na mapumziko ya saa 3 au zaidi, au kama mfanyakazi anaishi hapohapo kazini. Kila wiki kuna saa 24 za mfululizo. Aliyefanya kazi zaidi ya saa 5 bila kukatisha anastahili saa nzima ya kupumzika. Na usiku, ambao sheria inauhesabu kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, una nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara kwa kila saa. Asilimia 5! Mlinzi wa duka la simu Manundu, hapa Korogwe, anaijua thamani ya usiku kuliko hapo.

Saa 12 zinatosha? Tuwachukue madereva wawili wa kufikirika. Wa kwanza anafika Korogwe saa 5 usiku, anakabidhi, anasaini saa 6. Kwa sheria yuko huru hadi saa 6 mchana. Anaoga, anakula ugali uliopoa, analala saa 7 na nusu. Hewa ni baridi kidogo, mji umenyamaza, mwili wake wenyewe unataka kulala. Anaamka saa 2 asubuhi akiwa mtu.

Wa pili anatoka na treni ya mizigo, anasaini saa 11 alfajiri. Yeye naye ana saa 12, hadi saa 11 jioni. Kwenye karatasi wako sawa. Lakini saa 11 na robo anasikia adhana, saa 12 jogoo na ndoo kisimani, saa 1 watoto wa shule, saa 2 mashine ya kusaga inawashwa na pikipiki za bodaboda zinaanza kupigiana honi. Saa 5 bati limeshika moto. Korogwe iko chini kwenye bonde la Mto Pangani, joto lake linajulikana, na mbu wake wanajulikana zaidi: taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu ina kituo chake hapahapa, na malaria ni moja ya sababu. Hata akizibia madirisha, mwili umejengwa kuwa macho wakati wa jua. Atalala vipande vipande, pengine saa 4 kwa jumla, halafu jioni atapanda kichwa cha treni kuelekea kwenye ule wakati mgumu kuliko yote, kati ya saa 8 usiku na alfajiri, ambapo hata aliyelala vizuri mchana huhisi kope zinavutwa.

Kusinzia kwenye usukani si lazima kichwa kianguke. Kuna usingizi wa sekunde 3 au 4 macho yakiwa wazi. Treni ikienda kilomita 50 kwa saa, sekunde 4 ni meta 55, na treni ya mizigo haisimami kwa meta 55 hata ungeiombea dua. Ndiyo maana vichwa vya kisasa vina kifaa kinachomtaka dereva abonyeze au akanyage kila baada ya muda mfupi. Asipojibu, breki hufunga zenyewe. Kifaa hicho ni kizuri, ila kinapima kama mtu yuko macho. Hakipimi kama alilala.

Wenzetu wa Ulaya waliliona hili wakaliandika. Kanuni za Umoja wa Ulaya za mwaka 2005 kwa wafanyakazi wa treni zinazovuka mipaka zinamruhusu dereva kushika usukani kwa saa 9 zamu ikiwa ya mchana, lakini kwa saa 8 tu zamu ikiingia usiku. Na zinatofautisha mahali pa kulala: ukilala nyumbani, mapumziko yasipungue saa 12, ukilala ugenini, 8 zinatosha, kwa sharti kwamba baada ya ugenini urudi kulala nyumbani. Mtu anaweza kubishana nazo. Mimi ningesema ugenini ndiko kunakohitaji saa nyingi zaidi. Lakini angalau zimeuliza swali la wapi, ambalo sheria yetu haiulizi kwa anayelala ugenini. Uingereza ilijifunza kwa msiba: Desemba 12, 1988 treni ziligongana Clapham, London, watu 35 wakafa. Kosa lilikuwa waya wa ishara ulioachwa vibaya, na uchunguzi ukagundua kwamba fundi aliyeuacha alikuwa amepata siku moja tu ya mapumziko katika wiki 13. Tangu hapo saa za watu wa reli nchini humo huhesabiwa kwa ukali: zamu isizidi saa 12, kati ya zamu na zamu zisipungue 12, na mtu asifanye zamu zaidi ya 13 katika siku 14.

Hapa kwetu haki za watu wa reli hazikuletwa na uchunguzi. Zilidaiwa. Mwaka 1960 chama cha wafanyakazi Waafrika wa reli ya Tanganyika, katibu wake mkuu akiwa Kasanga Tumbo, kiligoma kwa siku 82 kikidai mishahara na nafasi za kazi ambazo Mwafrika alikuwa hazifikii. Usukani wenyewe kwa miaka mingi ulikuwa wa Mzungu na Mhindi, Mwafrika akiwa fayamani wa kulisha moto, na hata nyumba za kupumzikia ziligawanywa kwa rangi. Kwa hiyo mzee wa reli akikuambia kwamba kitanda cha stesheni kilikuwa cheo, hatii chumvi.

Kuna gharama nyingine isiyo kwenye karatasi yoyote. Dereva wa treni huishi kinyume na mtaa wake. Msiba ukitokea yeye yuko Same. Arusi ikiwa Jumamosi, ratiba ya zamu inamtaka Ijumaa usiku. Kwa Wazigua na Wasambaa, kama kwa wengi wetu, asiyeonekana msibani huulizwa, na jibu la "nilikuwa safari" huchakaa baada ya mara ya tatu. Mkewe hujifunza kuwatuliza watoto mchana kwa "nyamazeni, baba analala" mpaka wao huamini baba ni mtu wa kulala tu. Posho ya kulala nje ya kituo cha kazi hulipwa, na watu huihesabu. Bado haijapatikana posho ya kukosa kushika jeneza la shemeji yako.

Sasa twende Segera. Ni Handeni, kama dakika 20 kwa gari kutoka Korogwe, pale barabara ya Dar es Salaam inapogawanyika, moja kwenda Tanga na nyingine Moshi. Ukipita usiku utaona malori yamejipanga pembeni, taa zimezimwa, na chini ya trela mkeka umetandikwa. Madereva hawa wanafanya kazi ileile ya dereva wa treni ya mizigo: mzigo uleule, njia iliyo sambamba, usiku uleule. Reli ina daftari la kusaini kuingia na kutoka. Lori lina simu ya tajiri inayouliza, "Umefika wapi?" Basi la masafa marefu limeanza kubanwa: safari inayozidi saa 8 inatakiwa iwe na madereva wawili, na mamlaka ya usafiri wa ardhini, LATRA, imewapa madereva wa mabasi kitufe cha kujitambulisha ili ijulikane nani hasa yuko kwenye usukani. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, kitufe hicho kina kazi zaidi. Lakini dereva wa pili wa basi hulala wapi wakati wa kwanza akiendesha? Kwenye kiti cha nyuma, au sakafuni kwenye korido, au kwenye kichumba chini ya sakafu karibu na mizigo. Ni lile behewa la wafanyakazi la zamani, bila kitanda.

Aprili 2015 madereva waligoma nchi nzima na stendi ya mabasi ya Ubungo, Dar es Salaam, ikafurika abiria. Wengi tunakumbuka hoja ya kurudishwa darasani kila leseni inapoisha. Tumesahau kwamba walidai pia mikataba ya ajira na posho za safari, na posho ya safari maana yake ni chumba cha gesti. Dereva wa lori aliyepewa fedha ya kulala hufanya hesabu kama baba yeyote: chumba ni elfu kadhaa, mtoto anataka daftari, na kabini ina godoro. Akiwa na utingo, mmoja hulala na mwingine hulinda dizeli kwenye tangi. Asipokuwa naye hulala sikio moja likiwa wazi, na huo nao kwenye hesabu za tajiri unaitwa mapumziko.

Reli mpya ya umeme imeanza kulimaliza tatizo kwa njia yake: kwa mwendo. Tangu katikati ya mwaka 2024 treni ya Dar es Salaam hadi Dodoma huchukua kama saa 3 na nusu, na kwa mwendo huo mtu anaweza kwenda, kurudi na kulala kwake ndani ya siku moja ya kazi. Ikija siku ya Tanga kupata ya kwake, dereva anaweza kunywa chai Tanga na kula chakula cha usiku hapohapo, na Korogwe itakuwa mahali pa kupita dirishani. Mimi sitafurahi kabisa, naungama. Mji uliozoea kupokea wachovu huwa na adabu yake: mama lishe anayejua kufunika sahani ya mtu ambaye treni yake imekwama Mkalamo, mwenye gesti asiyeuliza kwa nini unalala saa 2 asubuhi.

Kwa sasa kichwa bado kinanguruma jukwaani. Abiria wa Handeni wamepanda, ndoo imepitishwa dirishani, mtoto aliyekuwa macho kwa niaba ya wenzake ameshalala begani mwa mama yake. Mbele, watu wawili wenye mabegi madogo wanashuka ngazi za chuma wakitafuta ardhi kwa miguu, wawili wengine wanapanda. Wanasalimiana kwa maneno machache, na mengi ya hayo ni ya breki. Aliyeshuka anatazama saa yake, si kujua sasa ni saa ngapi, anahesabu zimebaki ngapi kabla mashine ya kusaga haijawashwa.